Ndege wa Kaskazi katika Ziwa la Nakuru: Somo la Kutazama

Somo tunalolileta leo ni somo la kutazama. Msomaji atasema: kutazama nako kwahitaji somo? Mwenye macho si hutazama? Nasi twajibu kwamba macho tunayo, lakini mengi tunayoyajua juu ya viumbe vilivyotuzunguka tumeyapata kwa masikio. Tumesikia, tukasadiki, tukawasimulia wenzetu, nao wakasimulia, na katika mlolongo wote huo pengine hapana hata mmoja aliyesimama kitambo kidogo akatazama.

Muulize kijana wa mjini petu jina la ndege apitaye juu ya paa la nyumba yao, atakujibu: "Ni ndege." Babu yake mvuvi angalijua kama ni membe, au yangeyange, au kitwitwi, au furukombe, na angaliongeza kuwa ndege fulani wakikusanyika mahali fulani baharini, basi chini yao pana dagaa. Maneno hayo yamo bado katika lugha yetu, ila wenye kuyajua maana yake wanapungua, na neno ambalo hakuna tena ajuaye kitu chake hubaki sauti tupu.

Tumechagua mahali palipo mbali na bahari, nako ni Nakuru, katika Bonde la Ufa. Wako ndugu zetu wengi wa pwani waliohamia huko kwa kazi na biashara, na wako wanaokwenda kuwazuru, hasa mwezi wa Desemba na Januari skuli zinapofungwa. Wengi wao hufika, wakala, wakalala, wakarudi, na Mbuga ya Taifa ya Ziwa Nakuru iko pale pale mlangoni mwa mji. Hatusemi kuwa kuzuru jamaa si jambo jema. Twasema kwamba alasiri moja kati ya hizo yaweza kutumiwa kwa kupata maarifa ambayo hayapatikani kitini.

Tuanze na majira. Baridi ya Nakuru yenyewe iko mwezi wa Julai, wakati sisi wa pwani tuna kipupwe, na mtu aliyezoea joto la Mombasa hujuta kuacha koti. Januari huko ni kukavu, jua la mchana ni kali, na jioni hupoa upesi kwa sababu ziwa liko juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha mita 1,750 na zaidi. Lakini katika mwezi huo huo wa Januari, maelfu ya ndege walioko ziwani wamo katika safari ya majira ya baridi. Baridi waliyoikimbia iko Ulaya na Siberia. Kule maji yameganda, wadudu wamekufa au wamejificha, na siku ni fupi mno: katika mji wa London mwishoni mwa Desemba jua hutua mnamo saa kumi ya alasiri. Wakati huo Nakuru, karibu kabisa na mstari wa ikweta, jua bado liko juu, na halitatua mpaka karibu na saa moja kasorobo. Ndege anayeishi kwa kuokota chakula chake kwa macho hawezi kuishi kwa siku ya saa nane na ardhi iliyoganda. Basi huondoka. Watu hudhani kuwa ndege hukimbia ubaridi, na kwa hakika anachokikimbia zaidi ni njaa.

Hili si geni kwetu sisi. Tangu zamani majahazi ya Uarabuni, ya Ghuba na ya Bara Hindi yalikuja pwani hii kwa upepo wa kaskazi, yakakaa, yakarejea kwa upepo wa kusi. Ndege hawa nao huanza kuonekana kwetu Septemba na Oktoba, wakawa wengi wakati wa kaskazi, na hutoweka mwezi wa Aprili. Mabaharia walijua ratiba ya pepo, na hapana aliyewaona washirikina kwa kuijua. Vivyo hivyo ratiba ya ndege ni jambo la kujifunza kwa kuhesabu siku na kuandika.

Sasa ziwa lenyewe. Maji huingia kutoka mito ya Njoro, Makalia na Enderit, na kutoka chemchemi zilizo ukingoni upande wa kaskazini mashariki, nazo zaitwa Baharini. Jina hilo litamfurahisha msomaji wa pwani. Lakini hapana mto utokao. Maji yakishaingia, njia yake ya kutoka, ila kidogo kinachonywewa na ardhi, ni kupanda juu kwa joto la jua. Jua huchukua maji likaacha chumvi zilizoyeyuka kutoka katika mawe ya volkano ya nchi ile. Aliyeona mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, kaskazini ya Malindi, atafahamu mara moja: maji ya bahari huingizwa katika majaruba, jua likayala maji, chumvi ikabaki. Ziwa la Nakuru ni jaruba kubwa lililofanywa na maumbile. Tofauti ni kuwa kinachobaki huko kwa wingi ni magadi, yale yale mama zetu wanayoyatia chunguni ili maharage yaive upesi.

Katika maji kama hayo samaki wa kawaida hawaishi. Huishi viumbe vidogo mno mfano wa mwani, vya rangi ya kijani, ambavyo hustawi katika magadi na jua mpaka maji yakawa mazito kama mchuzi. Na chakula kikiwapo, mlaji hufika. Mlaji huyo ni heroe.

Heroe si mgeni wa kaskazi, ni mwenyeji wa maziwa ya magadi ya Afrika ya Mashariki, lakini hapana mtu aendaye Nakuru asimwulizie, kwa hiyo tutamsemea kwa urefu. Wako wa aina mbili. Mdogo ana mdomo wa rangi nyekundu iliyokolea hata kukaribia weusi, naye hula ule mwani mdogo. Mkubwa ni mrefu zaidi, mweupe zaidi, mdomo wake ni wa waridi wenye ncha nyeusi, naye hutafuta wadudu na kaa wadogo wadogo matopeni. Tazama jinsi wanavyokula. Heroe huinamisha kichwa mpaka mdomo ukawa juu chini, ule wa juu ukawa chini na wa chini ukawa juu. Ulimi wake huvuta maji na kuyasukuma nje kama bomba, na pembeni mwa mdomo mna vijino laini vinavyozuia chakula kisitoke pamoja na maji, sawa na mama anavyochuja tui la nazi kwa kifumbu. Hili laweza kuonekana kwa macho, kwa muda wa dakika tano, na mtu mwenye subira hahitaji kuhadithiwa.

Wengi husema kuwa heroe amezaliwa na rangi yake. Sivyo. Kifaranga cha heroe ni cha kijivu, na ile rangi ya waridi huipata katika chakula, kwa kuwa ule mwani, ingawa waonekana wa kijani, una ndani yake rangi za namna ya zile zilizomo katika karoti. Heroe aliyefungwa akanyimwa chakula chenye rangi hizo hupauka. Tena mtu atazunguka ziwa la Nakuru siku nzima akitafuta kiota chenye makinda ya heroe mdogo, asikipate, kwa kuwa mahali pao pakubwa pa kutagia katika Afrika ya Mashariki ni Ziwa Natron, Tanzania. Bwana Leslie Brown, aliyekuwa mtu wa idara ya kilimo Kenya na mpenzi wa ndege, aliviona viota vyao huko mwaka 1954 akiwa juu kwa eropleni. Alipojaribu kuvifikia kwa miguu, magadi yalimwunguza miguu hata akalazwa hospitali. Mahali pasipoweza kufikiwa na mtu hapafikiwi na mbweha wala fisi, na hiyo ndiyo faida yake kwa ndege. Mwaka 1962 heroe walitaga Ziwa Magadi, upande wa Kenya, na magadi yakaganda miguuni mwa makinda mfano wa furungu, yakashindwa kutembea. Bwana Brown, Bwana Alan Root na wenzao waliingia wakayavunja magadi hayo na kuokoa makinda kwa maelfu.

Tumesema samaki hawaishi Nakuru, na msomaji aliyekwenda atatupinga, kwani amewaona mwari, nao hawali ila samaki. Ni kweli. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 ililetwa perege ndogo kutoka Ziwa Magadi, aina iliyozoea maji makali, kwa kusudi la kupunguza mbu. Samaki walizaana, na baada yao wakafika mwari, mnandi na walaji samaki wengine ambao kabla yake hawakuwa na haja kubwa na ziwa lile. (Wasomaji wa kike wasitucheke kwa kuliandika jina hili la mwari, kamusi zinalo, na ndege mwenyewe ana mwendo wa haya.) Kwa miaka mingi mwari hao wamekuwa wakitaga katika visiwa vya mawe vya Ziwa Elementaita, mwendo mfupi kutoka hapo, na kuja Nakuru kutafuta riziki. Ni wazito mno, hawapendi kupiga mbawa, basi hungoja ardhi ipate moto na hewa ianze kupanda, ndipo wakapanda nayo wakizunguka zunguka mpaka juu sana, kisha wakateleza hadi ziwa la pili. Jambo moja dogo alilolifanya mtu kwa ajili ya mbu limeigeuza safari ya ndege wakubwa hao kila siku.

Tufike sasa kwa wageni wenyewe. Mwenye kwenda na aingie mbugani mapema, aliwahi saa kumi akiwa upande wa magharibi ya ziwa, mahali pa juu penye mwamba wanapopaita kwa jina la nyani, ambapo gari huruhusiwa kusimama na watu kushuka. Sababu ni ya jua: alasiri jua liko nyuma yake na ndege wako mbele katika nuru, ilhali aliye mashariki hukabiliwa na jua na huona vivuli vyeusi tu. Kisha ateremke karibu na maji. Milango ya mbuga hufungwa saa kumi na mbili, kwa hiyo hana muda wa kupoteza kwa mazungumzo.

Pembeni mwa maji, penye tope, ataona ndege wadogo wakikimbia kwa haraka, wakidona, wakikimbia tena. Hawa ni vitwitwi, na mtu wa Lamu au wa Kilifi atawatambua, kwani hao hao, au ndugu zao, huwaona mchangani maji yakitoka. Mmoja wao, aliye mdogo kuliko wote, ana uzito usiofika gramu 40, yaani chini ya barua nzito, naye ametoka nchi za baridi kali za kaskazini mwa Ulaya na Siberia alikozaliwa. Tazama midomo yao. Yuko mwenye mdomo mfupi, huyu huokota kilicho juu ya tope. Yuko mwenye mdomo mrefu mwembamba, huyu hupenyeza mpaka chini. Yuko mwenye miguu mirefu, huyu husimama maji yanapomfika magotini na hagombani na yeyote. Mia wa aina tano hula katika ukumbi mmoja, kila mmoja na sinia lake. Majini zaidi watakuwapo mabata wenye mdomo mpana kama kijiko, nao pia ni wa kutoka kaskazini. Na juu, jua likianza kupoa, mbayuwayu na keremkerem wakishika wadudu hewani. Keremkerem wengine ni wenyeji na wengine ni wageni. Kuwapambanua ni kazi ya mwaka wa pili wa masomo, si wa kwanza.

Juu ya mbayuwayu twataka kusema neno, kwa sababu ni mfano mzuri wa madhara ya kusikia pasipo kutazama. Watu wa Ulaya kwa karne nyingi walimwona mbayuwayu akitoweka kila mwaka majira ya baridi yakikaribia, wasijue aendako. Aristotle alisema wengine hujificha katika mashimo. Mwaka 1555 askofu mmoja wa Uswidi, Olaus Magnus, aliandika kuwa hulala chini ya maji na wavuvi huwavua kwa nyavu. Wasomi wakubwa waliyanakili hayo kwa miaka zaidi ya mia mbili, na kila mmoja alikuwa na ziwa karibu na nyumba yake ambalo angaliweza kulichunguza. Mwaka 1822 huko Ujerumani, karibu na Klütz, aliuawa korongo aliyekuwa na mkuki umepita shingoni, na mkuki ule ukatambulikana kuwa wa Afrika. Ndege yule amehifadhiwa mpaka leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Mwaka 1899 mwalimu wa Denmark, Hans Christian Mortensen, alianza kuwavisha ndege pete zenye namba na anwani, na mbayuwayu aliyevishwa pete Uingereza mwaka 1911 alikamatwa Natal, Afrika ya Kusini, mwezi wa Desemba 1912. Maneno ya miaka elfu mbili yalivunjwa na pete isiyozidi upana wa uzi.

Wala asidhani msomaji kuwa wa kwetu walikuwa wamelala wakati wote huo. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki kiasi cha mwaka 869, aliandika kitabu kikubwa cha wanyama, na ndani yake hakuona haya kumpinga Aristotle mahali alipoona dalili haikutimia. Aliwauliza mabaharia, wavuvi na wawindaji, kisha akapima maneno yao. Tena anataja samaki waingiao mto wa Basra kwa majira maalumu wakitoka bahari ya Zanji, yaani bahari hii yetu. Basi zaidi ya miaka 1,100 iliyopita mtu mmoja aliketi ukingoni mwa mto akafikiri juu ya viumbe wahamao baina ya kwake na kwetu, nasi leo tunaishi upande huu wa safari hiyo hiyo na hatuulizi.

Mfano mwingine wa dhana umesimama mbugani humo humo. Ni migunga yenye gome la manjano, ambayo Wazungu wa kwanza waliiita miti ya homa, wakidhani ndiyo iletayo malaria, kwa kuwa waliolala chini yake waliugua. Walichokiona kilikuwa kweli. Walichokihukumu kilikuwa kosa. Mgunga huo hupenda maji, na mbu hupenda maji, na mwaka 1897 Ronald Ross alionyesha huko Bara Hindi kwamba vijidudu vya malaria hukua ndani ya mbu.

Leo atakayekwenda ataiona migunga hiyo kwa wingi imekufa, imesimama majini, vigogo vitupu vyenye viota vya mnandi. Hapa ndipo penye uzito wa somo letu. Tangu kiasi cha mwaka 2010 maji ya ziwa yamepanda. Ziwa lililokuwa na takriban kilomita za mraba 40 lilizidi 60 ilipofika mwaka 2020. Lango la zamani la mbuga na ofisi zake zilimezwa, njia zikapotea, na watu wa mitaa iliyo kando ya mbuga wakahama nyumba zao. Maji mengi yalipunguza ukali wa magadi, mwani ukapungua, na heroe ambao zamani walikadiriwa kufika milioni na zaidi wakaondoka kwa wingi kwenda Ziwa Bogoria na kwingineko. Mabadiliko yenyewe si mapya, kwani katikati ya miaka ya 1990 ziwa lilikauka karibu lote, upepo ukawa unarusha vumbi la magadi. Lakini yako yanayofanywa na mikono ya watu juu ya hayo ya mvua. Msitu wa Mau, unakotoka Mto Njoro, umekatwa sana, na mvua haina tena mahali pa kuzuiliwa. Huteremka na udongo. Na mji wa Nakuru, uliopewa cheo cha jiji tarehe 1 Desemba 2021, huteremsha maji yake machafu na taka za mifereji yake upande ule ule wa ziwa. Sisi wa pwani tumezoea ubaya huu, kwa sababu maji kujaa na kutoka huchukua uchafu wetu na kutufichia. Ziwa la Nakuru halina maji kutoka. Kilichotupwa mferejini mwaka huu, mwaka ujao kimo.

Kwa hiyo watu wa Nakuru wanagombana: mmoja husema heroe wamekwisha, na mwingine humwonyesha mgeni picha ya miaka 30 iliyopita akamwuzia safari. Wote wawili hawakuhesabu. Wako wanaohesabu. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990 watu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na wenye kujitolea huhesabu ndege wa majini wa maziwa ya Bonde la Ufa mwezi wa Januari, wakati wageni wote wamekwisha kufika. Kijana wa skuli aweza kujiunga nao, na hulipwa kwa maarifa tu, jambo ambalo huwakimbiza wengi.

Kuhesabu kwenyewe ni rahisi kukifundishwa. Hesabu kumi kwa uhakika, uone kumi ni eneo kubwa kiasi gani machoni pako. Kisha pima kumi kumi mpaka mia, kisha mia mia. Andika tarehe, saa, mahali, upepo, na kina cha maji kama kuna alama. Usiandike jina la ndege usiyemjua. Andika miguu yake, mdomo wake, na alivyokuwa akifanya. Daftari la senti chache na kalamu ya risasi vyatosha, na darubini ikipatikana kwa kuazima ni neema.

Wala asiyekuwa na nauli ya Nakuru asiseme somo hili limempita. Vitwitwi wako Mida, karibu na Watamu, na wako Lamu na katika hori za Mombasa, maji yakitoka. Mwezi wa Machi ukielekea mwisho na Aprili ikiingia, kabla kusi haijashika, tazama vifua vyao: wale waliokuwa wa kijivu kaskazi yote huanza kuwa wekundu, mmoja mmoja, na hula kwa pupa mchana kutwa. Andika siku ya kwanza utakapomwona mwekundu, na siku ya mwisho utakapomwona yeyote.